Zamu ya Amílcar

Simu ya Melgar ilimkuta Eliseo Guandique amechuchumaa barazani, feni ya jirani imetawanyika mbele yake juu ya gazeti. Alitazama jina kwenye kioo cha simu akaiacha iite. Ikakata, kisha ikaita tena.

"Pokea basi," mkewe, Dinora, alisema kutoka jikoni. "Huenda ni kazi."

"Si kazi. Ni Melgar wa mtambo wa maji."

"Na Melgar si mtu?"

Eliseo akajifuta mikono kwenye suruali, akapokea.

"Mzee, unanikimbia?" Nyuma ya sauti ya Melgar zilisikika pampu, na mvua juu ya mabati. "Sikiliza. Mto umeshuka na tope tupu, maji yamekuwa kama chokoleti. Leo jioni tunapandisha klorini, na safari hii si kidogo. Kesho alfajiri itakuwa imefika kwenye mabomba yenu ya hospitali. Nakuarifu mapema, kama kawaida yetu."

"Hospitali si yangu tena. Nilipunguzwa kazi."

"Nimesikia, pole sana. Lakini mimi nimpigie nani? Nimepiga namba ya hospitali inaniimbia muziki, halafu inakata. Yule dada wa mapokezi, aliyekuwa anajua kila mtu yuko wapi, yuko wapi yeye?"

"Naye walimpunguza."

"Basi nimebaki na wewe."

Maji ya klorini mtu akiyanywa hayamdhuru. Lakini katika hospitali ile maji hayohayo ya bomba ndiyo yaliyotumika kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimekufa, na mji wetu una wengi, kwa sababu mashamba ya miwa yanaanzia pale nyumba zinapoishia na wakataji miwa hawafiki uzee na figo nzima. Klorini ikipenya hadi kwenye mashine, inaingia mwilini na kuipasua damu humohumo ndani ya mishipa. Ndiyo maana maji hupitishwa kwanza kwenye matangi ya makaa, na makaa nayo huchoka. Dozi ikipanda, makaa hubadilishwa mapema, na maji hupimwa kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza kuunganishwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Melgar ampigie Eliseo. Walikubaliana wenyewe zamani, wakiwa wameegemea ua wa kiwanja cha mpira, na tangu siku hiyo hapakupita msimu wa mvua bila simu ile.

"Niachie mimi," Eliseo alisema.

"Utawaambia?"

"Nimeshakwambia, niachie."

Alikata simu, akabaki ameshika bisibisi bila kuitumia. Hofu aliihisi. Lakini ilikuwepo na ladha nyingine ulimini, na hiyo ilikuwa tamu. Siku aliyokabidhi kazi, fundi kijana wa kampuni kutoka mji mkuu, Araniva, alimfuata chumba cha maji akimuuliza hili na lile kwa adabu, na Eliseo alimjibu alichoulizwa, bila kuongeza neno. Mwishoni kijana aliuliza, "Kuna jambo jingine ninalopaswa kulijua, don Eliseo?" Akamjibu, "Hakuna." Na kumbe lilikuwapo. Kulikuwa na simu ya Melgar. Kulikuwa pia na Delmy, mhudumu aliyezoea kupima maji kila alfajiri kwa sababu Eliseo alimwomba, si kwa sababu alipangiwa. Naye wiki ileile alihamishiwa kufua mashuka. Kampuni mpya ilikuja na gari lake siku za Ijumaa tu. Eliseo alilijua pengo lile na aliliacha wazi kwa makusudi. Mara ngapi alikuwa amemwambia Dinora, "Mvua zikianza watanipigia wenyewe. Tena watanibembeleza."

Sasa mvua zilikuwa zimeanza.

Akaingia ndani akavaa shati lake la kanisani.

"Unakwenda hospitali?" Dinora aliuliza. Aliposikia ndiyo, alimtengeneza kola. "Uliza na hela zetu. Usione haya. Ni haki yako, huombi."

---

Langoni alikuwa Mauricio, mlinzi, ambaye miaka yote walikula pamoja chakula cha mchana nyuma ya jengo la jenereta.

"Don Eliseo. Kitambulisho, tafadhali."

"Unanitania."

"Sikutanii, mzee wangu. Wametuambia waliopunguzwa wasipite mpaka waitwe." Aliinua kidevu kidogo kuelekea juu ya lango. "Kamera hiyo. Inaniangalia mimi kuliko inavyowaangalia wezi."

Eliseo akasimama kwenye foleni ya wageni. Jua lilikuwa limetoka baada ya manyunyu na lami ilikuwa inafuka mvuke. Mbele yake alikuwa mama aliyebeba kuku ndani ya kikapu, anampelekea daktari shukrani. Wahudumu wawili aliowafahamu walipita upande wa ndani. Mmoja alimpungia mkono, mwingine alijifanya anasoma simu.

Kabla hajafikiwa, Portillo, mkuu wa utawala, alitoka na wageni watatu waliovaa suti wakielekea kwenye gari. Alimwona, akasimama.

"Don Eliseo. Kuhusu malipo, nimeshawaeleza wenzako. Ni mwezi ujao."

"Sikuja kwa malipo, bosi. Nimekuja kwa ajili ya maji."

"Maji sasa yana kampuni." Portillo aliwageukia wageni wake, akatabasamu. "Ndugu zetu hawa wanaona tabu kuachia. Kila wiki anakuja mmoja na sababu yake. Juzi alikuja wa lifti, akitwambia lifti itaanguka. Wa jenereta naye alikuja. Hospitali bado imesimama, kama mnavyoiona."

Wageni wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka kwenda kula. Mama wa kuku naye akacheka, bila kujua anachekea nini. Kisha Portillo akamwekea Eliseo mkono begani. Aliuweka kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma zaidi.

"Nenda kapumzike, mzee. Ulifanya kazi ya kutosha."

Eliseo alikuwa na sentensi tayari mdomoni. Haikuwa ndefu: kesho maji yatakuwa sumu kwa wagonjwa wa mashine. Angeweza kumwambia Portillo, au Mauricio, hata mama wa kuku. Aliutazama ule mkono begani, na pete yake.

"Sawa," alisema.

Gari lilipoondoka, Mauricio alisogea karibu. "Nimpe mtu ujumbe, don Eliseo? Kwa siri?"

"Hapana. Hakuna ujumbe."

Akarudi nyumbani kwa miguu. Njiani alijiambia kwamba huenda Araniva alibadilisha makaa Ijumaa iliyopita. Kijana mwenyewe si mjinga. Akajiambia kwamba mgonjwa mmoja akianza kuumwa kichwa watashtuka, watazima mashine, watatafuta nani anayejua, na simu itaita. Alijiambia mambo hayo kwa mpangilio mzuri kabisa, kama mtu anayemweleza mwanafunzi.

---

Jioni Dinora alitoa jiko lake la bati mlangoni, akaanza kuchoma pupusa, vile vikate vya mahindi vyenye jibini na maharage ndani, anavyowauzia majirani. Kaka yake, Amílcar, alikaa kwenye kigoda pembeni akimpokelea wateja. Amílcar alikuwa amekata miwa tangu akiwa mvulana, na sasa alikaa kwa dada yake na kwenda kusafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe cha mtoto.

"Shemeji," alimwambia Eliseo, "nipe bia moja tu. Kesho mashine itainywa yote, hakuna atakayejua."

"Kesho usiende."

"Wapi?"

"Kwenye mashine. Wanafanya matengenezo, utakaa bure. Utakwenda Jumatano, nitaongea na Sista Arely wa wodi."

Amílcar akacheka. "Utaongea naye ukiwa nje ya ukuta? Mtaa mzima unajua leo hukupitishwa langoni."

Dinora aliinua uso. "Mimi umeniambia kwamba malipo ni mwezi ujao."

"Nimeambiwa hivyo."

"Ukiwa langoni?"

Kulikuwa na wateja wawili wanasubiri, na wote wawili walikuwa wameacha kuzungumza.

"Nikikosa kesho, shemeji, keshokutwa miguu yangu itakuwa magunia," Amílcar alisema, sasa bila mzaha. "Juzi walinitoa lita nne. Acha niende tu, kama wanatengeneza nitasubiri."

"Siku moja haiui. Unakaa kwangu, unakula kwangu, nikikwambia usiende, usiende."

Kwa muda viganja vya Dinora vilisimama na unga wake katikati. Eliseo hakuwahi kulisema neno lile, la kukaa na kula, hata siku moja. Amílcar alitazama kikombe chake kidogo.

"Sawa, bosi," alisema.

---

Asubuhi Eliseo alimkuta shemeji yake mezani, uso umemvimba kidogo, anachovya mkate mtamu kwenye uji wa mahindi. Jagi la uji lilikuwa la kigeni nyumbani mle.

"Umetoka wapi huo?"

"Kwa Mama Tránsito." Alikuwa ni mjane muuza uji wa kona ya pili, naye mgonjwa wa mashine kama Amílcar. "Ni shukrani. Jana nilimpigia Sista Arely nikamuuliza habari za matengenezo yako. Akaniambia hakuna matengenezo yoyote, njoo. Nikasema, shemeji ana kinyongo na hospitali, hataki hata mimi nikanyage kule. Ningekuja kukubishia, ila ulinikaripia mbele ya watu, nikaona nisiongeze moto. Basi zamu yangu nikampa Mama Tránsito. Amevimba mpaka macho hayafunguki, na zamu yake ni Alhamisi. Zamu isipotee bure."

Eliseo alikuwa ameshika kikombe. Hakukiweka chini wala hakukinywa.

"Anaanza saa ngapi?"

"Ameshaanza. Sisi wa Jumanne tunaingia alfajiri. Na yeye kwa kuwa amejaa sana walisema wamtangulize."

Eliseo alitoka na kandambili. Dinora alimwita, hakugeuka. Alisimamisha bajaji kwa kusimama katikati ya barabara, na walipofika hospitali akagundua hana hata senti mfukoni. Dereva alimtukana na yeye hakusikia.

Mauricio alinyoosha mkono kumzuia. "Don Eliseo, nakuomba, usiniharibie kazi."

"Wanakufa mle ndani, Mauricio."

Mauricio aliiangalia kamera. Halafu akafungua lango.

Wodi ya mashine ilikuwa kimya kuliko ilivyopaswa kuwa. Kwa kawaida wagonjwa wa asubuhi hupiga soga, hubishana habari za mpira, huombana peremende. Sasa mmoja alikuwa anatapika ndani ya beseni na Sista Arely amemshika kichwa. Mwingine alilalamika kifua kinambana. Muuguzi mdogo alikuwa anauliza walikula nini jana. Kwenye mirija, damu iliyokuwa ikitoka na kurudi ilikuwa imegeuka rangi, imekuwa kama kahawa iliyolala.

"Zima zote," Eliseo alisema.

Sista Arely akageuka. "Umeingiaje?"

"Klorini iko kwenye maji. Zima, Arely. Usiwarudishie hiyo damu."

Hakuuliza mara ya pili. Alianza kubana mirija yeye mwenyewe, mashine hadi mashine, na kengele zikaanza kulia moja baada ya nyingine mpaka wodi nzima ikawa inalia. Eliseo alikwenda dirishani, kwenye kiti ambacho kila Jumanne alikaa Amílcar. Mama Tránsito alikuwa amefunikwa shali magotini. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Alimtambua.

"Don Eliseo," alisema kwa taabu. "Wamekurudisha kazini. Afadhali."

---

Mama Tránsito alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri. Wengine walipona, ingawa wawili walikaa wiki nzima wakiongezewa damu, na mmoja hakuwa tena mtu wa kutembea peke yake.

Mtaani habari ilisimuliwa hivi: kampuni ya mji mkuu iliwaua watu, na don Eliseo, aliyefukuzwa kama mbwa, alikimbia na kandambili akavunja lango kuwaokoa. Watu walimsimamisha njiani kumshika mkono. Fundi baiskeli alikataa kupokea hela yake. Kwenye mazishi, binti wa marehemu, Maura, alipita katikati ya wajomba na shangazi zake akamletea Eliseo kahawa ya kwanza na tamali ya kwanza, donge la mahindi lililopikwa ndani ya jani la mgomba, kabla ya ndugu wote.

"Mungu akulipe," alimwambia. "Sista ameniambia. Isingekuwa wewe, wangekwisha wote."

Eliseo alipokea kikombe kwa mikono miwili. Akainywa kahawa yote, huku Dinora akiwa pembeni yake anamtazama jinsi koo linavyopanda na kushuka.

Wakati wa kurudi walitembea taratibu kwa sababu ya Amílcar, aliyekuwa nyuma kidogo.

"Melgar alipiga Jumatatu," Dinora alisema.

Eliseo aliendelea kutembea.

"Alipiga Jumatatu ukiwa na ile feni. Na Jumatatu jioni ukamwambia Amílcar asiende."

"Nilikwenda hospitali. Uliniona. Ulinitengeneza kola kwa mkono wako."

"Nilikutengeneza. Ulipofika ulisema nini?"

"Dinora."

"Nakuuliza neno. Ulitamka neno gani pale langoni?"

"Walinicheka. Mbele ya wageni, Portillo alinifanya mimi kichekesho."

"Ulichekwa," Dinora alisema. Hakulia wala hakupaza sauti. Alilirudia lile neno kama anavyorudia bei mteja akiwa hajasikia vizuri.

Amílcar alikuwa amewafikia. Alisimama akihema, mkono mmoja kwenye ukuta wa nyumba ya watu.

"Kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyepangiwa kupona."

"Wewe ni ndugu yangu," Eliseo alisema.

"Namba zao wote ninazo, shemeji. Wote wa Jumanne. Tunapigiana kila siku, fulani amevimba, fulani hana nauli. Portillo mwache na kiburi chake. Ungeniambia mimi, pale pale kwenye pupusa, ningewapigia mmoja mmoja na kikombe changu mkononi. Wasingekwenda." Aliuachia ukuta. "Badala yake nikampigia mmoja tu, nikamwambia nenda."



---

Portillo alimwita kabla mazishi hayajatimiza wiki. Safari hii Mauricio alimpeleka mwenyewe hadi mlangoni. Ofisini palikuwa na baridi ya kiyoyozi, kahawa, na Araniva, amekonda ghafla, kompyuta mapajani.

"Tunataka utueleze kila kitu," Portillo alisema. "Kila kitu, don Eliseo. Tumejifunza kwa njia mbaya."

Eliseo alieleza. Alianza polepole, halafu hakuweza kujizuia. Alieleza habari za makaa na dalili za kuchoka kwake, habari za koki iliyofungwa kinyume na koki zote duniani, bomba la kale linalopita chini ya jiko ambalo michoro ya jengo hailionyeshi, na Delmy na vipimo vyake vya alfajiri. Araniva aliandika bila kuinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe Eliseo alijiona anatosha ndani ya ngozi yake, na kwa sababu hiyohiyo alijichukia. Mwisho akafika kwa Melgar.

"Huyu Melgar alikupigia lini?" Portillo aliuliza.

"Jumatatu asubuhi."

Vidole vya Araniva vikasimama.

"Jumatatu mchana ulikuwa langoni," Portillo alisema.

"Nilikuwa."

Portillo alitazama nje ya dirisha. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na dharau hata chembe. "Na mimi nilikuwa langoni."

Araniva aliangalia viatu vyake.

"Andika Jumanne alfajiri," Portillo alimwambia kijana. "Alipigiwa simu Jumanne alfajiri, akaja mbio. Si ndivyo, don Eliseo? Unaanza kazi Jumatatu ijayo. Ajira ya kudumu, mshahara wa zamani. Araniva atakaa chini yako umfundishe, chukua muda wowote unaouhitaji."

"Na Melgar akiulizwa?"

"Mtambo wa maji nao wanapunguza watu. Melgar ana watoto. Atakumbuka vizuri."

Araniva aliinua macho, akamtazama Eliseo kama anayemwomba jambo. Ilikuwa vigumu kujua anaomba aseme ndiyo au aseme hapana.

"Ndivyo," Eliseo alisema. "Jumanne alfajiri."

Nyumbani alimkuta Dinora anaosha sahani. Alimwambia kuhusu kazi. Dinora aliuliza kama aliwaambia siku ya kweli, akasema aliwaambia. Akauliza waliandika nini, akamwambia walichoandika. Dinora alifuta mikono, akachukua mtandio wake, akatoka bila kumuuliza chochote kingine.

---

Maura alikuwa kwenye kona ya mama yake, anakoroga uji. Alikuwa ameanza kuuza siku tatu baada ya mazishi. Mtaji ulikuwa umekwisha kwenye jeneza. Nyuma yake, ndani ya uwazi wa mlango, mumewe Rufino alikuwa amelala kwenye bembea ya kamba, miguu imening'inia, imevimba mpaka vifundo havionekani.

Dinora alikataa kiti. Alieleza akiwa amesimama, tangu simu ya Jumatatu mpaka ile Jumanne iliyoandikwa. Hakumtetea mumewe na hakumtukana. Aliposema kwamba zamu ile ilikuwa ya kaka yake, sauti ilimkatika, akasubiri mpaka ikarudi.

Maura hakuacha kukoroga, kwa sababu uji ungeshika chini.

"Kwa nini umekuja kuniambia?" aliuliza hatimaye.

"Kwa sababu ulimpa kahawa ya kwanza."

Mteja alikuja, mwanamke wa sokoni. Maura alimjazia kikombe, akapokea hela, akamrudishia chenji, akamtakia siku njema. Mwanamke alipoondoka alirudia mwiko.

"Wamemrudisha kazini?"

"Anaanza Jumatatu."

"Kuna mwingine anayeijua hiyo kazi?"

"Kuna kijana atafundishwa. Itachukua muda."

"Nikienda kusema, watamfukuza."

"Huenda wakamfunga. Mimi sitakuzuia, Maura. Ukitaka shahidi, nitakuja."

Maura aligeuka akatazama ndani, kwenye bembea. Alitazama kwa muda mrefu mpaka Dinora naye akatazama, akaiona ile miguu, na ndipo akaelewa.

"Daktari amesema kabla ya Krismasi Rufino naye atawekwa kwenye mashine," Maura alisema. "Wodi ni hiyohiyo. Hakuna nyingine mpaka mji mkuu, na nauli ya mji mkuu mimi sina. Sasa niambie wewe, nikimfunga mumeo, maji ya mume wangu atayaangalia nani?"

Dinora bado alikuwa anaitazama ile miguu.

"Mwambie akae palepale kazini," Maura alisema. "Mwambie asiugue, asisafiri, asilewe. Amfundishe huyo kijana mpaka kijana ashibe." Aliinua mwiko, akaugonga ukingoni mwa sufuria ili uji uliong'ang'ania udondoke. "Ila kwenye sala za siku ya tisa za kumwombea mama, wewe njoo, na kaka yako aje. Yeye asije."